Vigae Kumi na Kimoja

Mzee Orest Haiduk alikuwa ameshakufa mara tisa. Mara tano kwa risasi, mara mbili kwa maji, mara moja kwa kunyongwa na mara moja kwa mapenzi, na vifo vyote hivyo vilikuwa mbele ya kamera, huko kwao Ukraina, enzi za ujana wake akiwa mwigizaji mwenye nywele nyeusi tititi. Binti yake, Larysa, ndiye aliyemhesabia Médiatrice vifo hivyo, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini hiki cha sasa hakikuwa cha kamera. Mzee alikuwa ameugeuzia ukuta uso, kafunga mdomo, na uji wa shayiri ulikuwa umeota ngozi juu. Ilikuwa Ijumaa, siku ya nne tangu agome kula.

"Mzee wangu, kijiko kimoja tu," Médiatrice alimbembeleza.

Wakiwa wawili alizungumza naye Kiswahili, na mzee alimjibu kwa Kiukraina, na kwa mwaka mzima na nusu walielewana kuliko watu wengi waliofunga ndoa kanisani. Kiingereza cha mzee kilikuwa maneno matatu: tea, no, na again. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa Médiatrice jasho mwanzoni. Anaingia na sinia la chai, mzee anainua kidole: again. Anatoka, anaingia. Again. Siku ya kwanza alirudia mara nne, akarudi kwake Fairfield akamwambia mumewe, Lazare, kwamba safari hii ofisi ya wahudumu wa wazee imempangia kichaa.

Ni Larysa aliyekuja kumfungua macho. "Baba anasema unaingia kama mtu anayeomba msamaha," alimtafsiria. "Anasema hujamkosea mtu yeyote. Ingia kama mtu aliyeleta chai."

Médiatrice alikuwa na miaka arobaini na sita. Alizaliwa Burundi, akakulia kambini Tanzania akipanga foleni ya unga, foleni ya maji, foleni ya daktari, kisha akaletwa Sydney kupanga foleni nyingine zenye viti na kiyoyozi. Katika maisha yote hayo hakuna aliyewahi kuona namna anavyoingia mlangoni. Siku iliyofuata aliinua kidevu, akaingia. Mzee akapiga kofi moja na kusema neno la kwao, "Znyato," ambalo, kwa maelezo ya Larysa, mwongozaji wa filamu hulisema picha ikishatoka vizuri: tumeipata, tuendelee. Tangu siku ile Médiatrice alimpenda yule mzee kama baba yake mzazi, na wala hakuona aibu kusema.

Sasa alimpangusa midomo, akamfunika miguu, akarudi jikoni na bakuli lililojaa.

*

Larysa alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini Westmead. Ijumaa ile alirudi nyumbani kwao Auburn mapema, saa sita mchana, macho yamevimba. Aliketi jikoni bila kuvua begi mgongoni, akamwambia Médiatrice kwamba ameshindwa. Alikuwa amepiga simu. Alhamisi ijayo angekuja mtu wa kumpima baba yake akili, na akiona inafaa, mzee atahamishiwa kwenye nyumba ya wazee, upande ule wenye milango inayofungwa kwa namba.

"Si kwa sababu ya kugoma kula tu," alisema. "Anasema kuna mwizi humu ndani. Anasema sanduku lake la vigae limeibwa."

Médiatrice alikuwa akisugua sufuria. Aliuliza, sauti ikiwa imepungua, vigae gani.

Larysa akamweleza. Huko kwao, filamu inapoanza kupigwa, siku ya kwanza kabisa, watu wote hujikusanya na sahani moja. Wanaandika majina yao juu yake, mwongozaji anaipiga kwenye mguu wa kamera, inapasuka, na kila mtu anaondoka na kigae chake, tangu mwongozaji mpaka mpika chai. Ni mila ya kazi. Bila sahani kuvunjwa hakuna anayekubali kuanza. Baba yake alikuwa na vigae kumi na kimoja: vitatu vya filamu alizoigiza na kuzipenda, vinane vya zile alizoziongoza mwenyewe.

Kilichokuwa na thamani kuliko vyote kilikuwa cha filamu ya mwanamke wa posta. Aliipiga akiwa na miaka thelathini, katika kijiji kimoja kando ya mto Desna: mwanamke anayezungusha barua kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, na kila mlango anaofungua ni wa mjane. Wakubwa wa Moscow waliiangalia mara moja tu. Wakauliza kwa nini kijiji kizima hakina wanaume, akajibu kwamba wakaulize vita. Filamu ikafungiwa kabatini miaka kumi na saba, na yeye akarudishwa kuigiza askari wanaokufa mapema. Ilipokuja kuoneshwa, yule mwanamke wa posta alikuwa ameshafariki, mpiga kamera pia. Kilichobaki cha watu wale ni kigae chenye nusu ya jina la kila mmoja. Nchi ilipobadilika hela za filamu zikakauka, mzee akawa anaigiza mababu kwenye tamthilia za televisheni, anabariki harusi za watu wa uongo. Alisema ni kazi pia.

"Mabomu yalipoanza Kyiv nilimwambia alete dawa na hati zake tu," Larysa alimalizia. "Alikuwa na begi moja. Nilimuuliza vigae viko wapi, akasema ameviacha. Viko Kyiv, Médiatrice, kama jengo bado limesimama. Havijawahi kufika hapa. Anaona vitu ambavyo havipo."

Maji yaliendelea kutiririka bombani. Médiatrice alijitazama kidole gumba cha kushoto, chenye plasta iliyoanza kubanduka.

Maana yeye aliviona. Jumatatu ya wiki ile alikuwa amepiga magoti kufagia chini ya kabati la mzee, akavuta boksi la viatu lililofungwa kamba. Ndani mlikuwa na vitu vimeviringishwa kwenye magazeti makuukuu. Alifungua kimoja, kikamkata. Vyombo vilivyovunjika. Mwezi mmoja nyuma walikuwa wameitwa kikaoni ofisini wakaonywa kuhusu vitu vyenye ncha: mhudumu mmoja aliacha glasi iliyopasuka, mteja akajikata, mhudumu akamwaga unga siku ileile. Basi Médiatrice alifanya anachofanya mfanyakazi mwema. Aliliviringisha boksi kwa mifuko miwili ya plastiki, wazoa taka nao wasije wakajikata, akalitia kwenye pipa lenye mfuniko mwekundu. Jumanne asubuhi lori likapita. Hakuandika kitu kwenye ripoti, kwa sababu takataka si habari.

Ijumaa ile angeweza kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini Larysa alikuwa amelaza kichwa mezani analia, na Médiatrice akafunga bomba, akampa kitambaa, akanyamaza. Tusimhukumu upesi. Mtu aliyekulia mahali ambapo neno moja linakufutia jina kwenye orodha hujifunza kunyamaza kabla hajajifunza kusoma.

*

Jumapili baada ya ibada Lazare alikuwa anakula maharage na ndizi pale mezani kwao Fairfield. Alikuwa mtu wa kiwanda cha magodoro, mpole, mwenye maneno machache, na alikuwa ameona tangu Ijumaa kwamba mkewe hana raha. Hakumuuliza. Alimsubiri, na kati ya sahani ya kwanza na ya pili Médiatrice akaeleza yote, kuanzia kamba ya boksi mpaka lori. Akaeleza pia kwamba Jumatatu atampigia Wangari, yule Mkenya anayewapangia shifti ofisini, amuulize kijanja, kama vile anamuulizia mtu mwingine.

Lazare alisogeza sahani. Akaenda kabatini, akatoa mkebe wa biskuti wa bati, akauweka mbele ya mkewe. Ndani ya mkebe ule kulikuwa na kadi ya mgao ya kambi ya Mtabila, ya marehemu mama yake Médiatrice, imetobolewa matundu pembeni, tundu moja kila mgao wa unga. Mwaka jana binti yao, Ikirezi, alitaka kuutumia mkebe kwa keki za shuleni, akasema kwa Kiingereza kwamba humo mna takataka tu. Mama yake hakumsemesha siku mbili.

"Mama Ikirezi," Lazare alisema, "hii kitu mimi nikiitupa leo, na kesho nikakwambia haikuwepo, kichaa ni nani?"

 Médiatrice aliufunika mkebe, akaurudisha kabatini mwenyewe.

Wangari hakudanganyika hata dakika moja. Alimwambia kwenye simu kwamba yeye si mtoto mdogo, kwamba kama kuna kitu kimetupwa basi kiandikwe kwenye fomu, kifike ofisini kwanza, na wakubwa wataamua. Kisha akashusha sauti, akaongea kama mtu na dada yake. "Ukisema mbele ya familia na huyo assessor anayekuja kumpima mzee, mimi sitaweza kukukinga. Watakusimamisha siku hiyo hiyo. Unanisikia, Mama Ikirezi?"

Médiatrice alisema amesikia. Fomu aliifungua kwenye simu, akaandika jina lake na tarehe, akaishia hapo. Jumanne, Jumatano, mzee alikunywa chai na vijiko viwili vya supu kwa siku. Mikono yake ilikuwa imekuwa myepesi kama ya mtoto. Kila Médiatrice alipomwinua, mzee alitazama chini ya kabati.

*

Alhamisi saa nne asubuhi akaja Rufus, yule mtu wa kumpima mzee akili. Alikuwa bwana mrefu mwenye ndevu nyekundu, mstaarabu, akavua viatu mlangoni kama desturi ya nyumba ile, na soksi yake moja ilikuwa imetoboka kidoleni, akaona haya. Aliketi karibu na mzee, akamuuliza mwaka gani huu, mwezi gani, yuko mji gani. Larysa alitafsiri. Mzee alijibu mwaka sawasawa, mwezi sawasawa, na mji akasema ni ule wenye ndege wanaopiga kelele kama walevi. Rufus akatabasamu. Kisha mzee akainama mbele, akamshika mkono, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini.

"Anarudia lilelile," Larysa alisema, macho yake sakafuni. "Anakuomba umtafutie sanduku lake. Anasema lilikuwa chini ya kabati." Akaeleza habari ya vigae, na ya Kyiv, na namna alivyomuuliza baba yake siku ile ya kwanza akajibu ameviacha. Rufus alisikiliza kwa huruma, kisha akaandika, na kama wanavyofanya watu wengi, aliandika huku midomo ikisema: anaamini ameibiwa vitu ambavyo havipo.

Médiatrice alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. 

"Vilikuwepo," alisema.

Wote wakageuka. Aliweka sinia chini, sakafuni palepale. Kiingereza chake kilimpotea kikarudi nusu, lakini alisema yote: boksi la viatu, kamba, magazeti, kidole, mifuko miwili, pipa jekundu. Alisema ni yeye. Alisema mzee hajaona kitu ambacho hakipo.

Larysa alisimama. Uso ulimwiva. "Tangu Ijumaa," alisema. "Tangu Ijumaa unamwangalia baba yangu anaitwa kichaa. Unamlisha kijiko mkononi, na unajua."

"Ndiyo," Médiatrice alisema. Hakukuwa na neno lingine la kweli.

Mzee alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Aliuliza. Larysa akatikisa kichwa, hakutaka kutafsiri. Mzee akapiga mkono wa kiti, sauti ikatoka kifuani, ile sauti iliyokuwa ikiongoza watu mia kwenye matope, na Larysa akamweleza, kwa maneno machache, huku analia. Treni ilipita nyuma ya nyumba. Mzee alisubiri ipite yote. Kisha akasema jambo fupi, na Larysa akafunika mdomo kwa kiganja.

"Anasema nini?" Rufus aliuliza.

"Anasema, kumbe mimi si kichaa."

Na mzee yule, ambaye kwa siku kumi hakuondoka kitandani wala kitini ila kwa kubebwa, akashika fremu yake ya kutembelea, akasimama mwenyewe. Rufus aliinuka amsaidie, mzee akamwashiria akae. Aliomba sahani. Larysa akaleta ya plastiki, maana ndizo zilizobaki rafu ya chini tangu aanze kuogopa baba yake asije akajikata. Mzee akaitazama kwa dharau akaitupa kitandani. Akaletewa ya udongo, nyeupe, yenye ukingo wa bluu. Akaomba kalamu. Akaandika jina lake, akampa Larysa aandike, akampa Médiatrice, na Rufus naye, aliyekuwa haelewi linaloendelea, akaandika lake. Mzee akaigonga kwenye mguu wa ile fremu. Ikapasuka vipande vinne vikubwa na unga kidogo.

"Anasema umuoneshe ulivyofanya," Larysa alisema. Hasira ilikuwa bado iko sautini, lakini juu yake kulikuwa na mshangao. "Anataka aone."

Larysa akatafuta boksi tupu la viatu, akalisukuma chini ya kabati. Mzee akaketi kitandani, akanyoosha vidole viwili kama dirisha mbele ya jicho. "Motor," akasema, kama mwongozaji anayeamuru kamera iwashwe.

Médiatrice aliingia ameinamisha kichwa, machozi yakimchuruzika, akapiga magoti, akavuta boksi, akatoka nalo.

Again.

"Anasema huyo ni mwizi," Larysa alitafsiri. "Anasema siku zote kumi alimtafuta mwizi, amechoka naye. Anataka yule aliyelichukua kweli."

Mara ya pili alifanya haraka, ili limwishe. Alinyakua boksi kama mtu anayekwepa mvua, tayari yuko mlangoni.

Again. Mzee alisema maneno marefu kidogo, taratibu, akimwangalia yeye wala si binti yake. Larysa alichelewa kutafsiri. "Anauliza, Jumatatu ile, ulipokiona kitu kimekukata, ulifikiri nini. Si baadaye. Pale pale."

Médiatrice alifikiri. Haikuwa rahisi, kwa kuwa zile siku kumi zilikuwa zimelala juu ya siku ile kama blanketi zito. Halafu akakumbuka. "Nilifikiri miguu yake," alisema. "Huwa anashuka kitandani peku. Hataki ndara. Nilisema, Mungu wangu, atakanyaga."

Larysa akamweleza mzee. Mzee akatazama miguu yake mwenyewe, iliyokuwa peku kwelikweli juu ya zulia. "Motor," akasema, polepole.

Basi akaingia kama mtu aliyekuja kufagia. Akapiga magoti, akavuta boksi, akalifungua, akanyonya kidole. Akaliviringisha kwa mfuko mmoja, akafikiri, akaongeza wa pili. Kisha, na hili hakulikumbuka mpaka mwili wake ulipolikumbuka, aliweka boksi pembeni, akapitisha kiganja sakafuni kote kando ya kitanda, huku na huku, akitafuta punje iliyobaki, mpaka karibu kabisa na vidole vya mzee. Hakukuwa na kitu. Akainuka, akatoka na boksi hadi pipani, akarudi, akafuta mikono kwenye aproni.

 Mashavu ya mzee yalikuwa yamelowa.

"Znyato," akasema. Akasema na jingine, na Larysa, aliyekuwa ameegemea kabati, akalitafsiri kwa shida. "Anasema sasa amemuona aliyevichukua. Anasema anaweza kulala."

Hapo ndipo Médiatrice alipolia, kilio chenyewe hasa, na mzee akamngoja amalize. Kisha akaomba uji. Si mkate wala supu. Uji, na uwe wa moto.

*

Rufus alikaa saa nzima zaidi. Kabla ya kuondoka alifuta mstari mmoja, akawaonesha kwamba ameufuta, akasema mzee atabaki nyumbani kwake na watatazama tena baada ya miezi sita. Alipewa kigae chake kwa mujibu wa mila, akakiviringisha kwenye karatasi ya chooni, akakitia mfuko wa shati kama anayetia yai.

Larysa alimsindikiza Médiatrice mpaka getini. Hakumkumbatia. Alisema baba yake amekiri kwamba alivileta vigae kwa siri, kwa kuwa alikatazwa kubeba kitu kingine. Alisema hasira haijamwisha na hajui itamwisha lini. Akatazama barabara. "Wakikuruhusu, rudi," akasema. "Hataki kula kwa mtu mwingine."

Médiatrice alikuwa ndani ya treni, kituo cha Granville kimeshapita, Wangari alipopiga simu. Wangari alizungumza Kiingereza cha ofisini karibu mwanzo mpaka mwisho: wiki mbili nyumbani bila shifti, wakati wanachunguza, barua itakuja. Mwisho kabisa akarudi kwenye Kiswahili. "Pole, dada yangu. Si nilikwambia?" Médiatrice akamwambia asante, na alimaanisha.

Nyumbani alimkuta Ikirezi mezani na vitabu vyake. Alitoa kigae kwenye mkoba, kilichofungwa kwenye ukurasa wa gazeti la Kiukraina ambao mzee mwenyewe aliuchana, akakiweka juu ya meza. Kilikuwa na ukingo wa bluu, na herufi tatu za jina la Orest, na mbili za jina lake yeye. Ikirezi alikigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Mum, it's just a broken plate."

"Ndiyo," Médiatrice alisema, akavua viatu. "Angalia kisikukate. Lete mkebe."

Mtoto alimtazama mama yake usoni. Kisha akaenda kabatini, akaleta mkebe, akaiinua kadi ya bibi yake kwa vidole viwili, akaweka kigae chini yake, na akafunika vizuri.